Dawa za Marejesho

Mdogo wangu hawezi kukaa kwenye chumba ambacho hajakikagua. Hata msibani, kwanza atatazama sakafu, kisha pembe za ukuta, ndipo atakapokumbuka kusema pole. Ni fundi wa vigae. Mtaani wanamwita Pimamaji, jina la kile kibao chenye kichupa cha maji ambacho mafundi hupimia usawa, na alilipata siku ya harusi ya jirani yetu. Alikitoa mfukoni, akakiweka juu ya meza ya maharusi mbele ya wageni wote, akatangaza kwamba meza imeinama upande wa bwana harusi. Bibi harusi alicheka mpaka machozi yakamharibia wanja. Mama mkwe hakucheka, na nasikia mpaka leo hajacheka.

Nasema "hawezi" na wala si "hakuweza", kwa sababu yu hai, namshukuru Mungu. Lakini ni miezi mingi sasa sijazungumza naye hata maneno kumi, na mimi ndiye niliyemwachia ziwa. Tumepishana mwaka na nusu. Tumekula sahani moja, tumelala mkeka mmoja, tumechapwa fimbo moja kwa makosa ambayo kwa kawaida yalikuwa yake. Nimemkumbuka mpaka najionea aibu, mtu mzima kama mimi.

Mimi nilikuwa mtoa dawa kwenye dirisha la hospitali. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuhesabu vidonge, kuvitia kwenye vibahasha na kusema maneno yale yale tangu asubuhi: kimoja kutwa mara tatu, baada ya chakula, usiache hata ukipata nafuu. Ndiyo maana yeye akanibandika jina la Kutwa Mara Tatu. Nikipita kwake jioni nilimsikia akipaza sauti kabla sijavua viatu: "Mke wangu, ficha sukari, Kutwa Mara Tatu ameingia!" Naye wifi yangu, mwanamke asiye na makuu, huificha kweli ili kumfurahisha.

Ukitaka kumjua mdogo wangu, umwone akiwa amepiga magoti. Suruali zake zote za kazi zimeshonwa viraka vinene magotini. Hupaka saruji, huweka kigae, hukigonga kwa mpini wa mwiko na kutega sikio, maana kigae kilichokaa vizuri kina sauti yake, na chenye uwazi chini yake kina sauti nyingine. Akisikia uwazi hukibandua, hata kama mwenye nyumba anamwambia basi, inatosha, nani atajua. "Nitajua mimi," anasema. Kwa tabia hiyo amegombana na nusu ya wenye nyumba mjini, na nusu hiyo hiyo ndiyo inayomtafuta wakijenga tena.

Balaa lilianzia kwenye ngazi. Alikuwa anabeba boksi la vigae begani, mguu ukateleza, akashuka vidato sita kwa mgongo. Mifupa ilikuwa mizima, ila mgongo uliumia vibaya. Daktari alimwandikia vidonge vikali vya maumivu kwa siku kumi, na mimi mwenyewe nilimhesabia kwenye dirisha langu. Nilimwambia vinatia usingizi, vinafunga choo, asivichanganye na pombe wala dawa nyingine. Akanipigia saluti.

Vilimsaidia. Sisemi uongo, vilimsaidia kama vilivyowasaidia wagonjwa wengi wenye maumivu makubwa, na wala sitaki mtu asome haya akamnyang'anye mama yake dawa ya saratani. Dawa ile haikuwa na kosa. Siku ya kumi na moja alikuja dirishani, akasubiri foleni iishe, akaegemeza kiwiko.

"Dada, zile za daktari zimekwisha."

"Siku kumi zimekwisha na vidonge vimekwisha. Hesabu imekubali."

"Mgongo haujui hesabu. Jumatatu naanza ukumbi wa chakula wa shule ya bweni. Nitapigaje magoti?"

"Rudi kwa daktari."

"Daktari ataniambia nilale wiki tatu. Nikilala, kazi wanampa mwingine. Nisaidie za kunivusha tu."

Hapa ndipo ninapotakiwa kueleza jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Mgonjwa wa maradhi mazito akifariki nyumbani, jamaa zake huturudishia dawa zilizobaki. Huja nazo kwenye mfuko, wengine wakiwa bado na nguo za matanga, wanaziweka kaunta bila kututazama. Sisi huziita dawa za marejesho. Tunazihesabu, tunaziandika kwenye daftari lake, tunazitia kwenye kasha la bati, na mwisho wa mwezi zinakwenda kuchomwa kwenye tanuru. Haziruhusiwi kupewa mgonjwa mwingine, kwa sababu hatujui zimekaa wapi wala nani kazishika. Kwenye hospitali yetu mpokeaji nilikuwa mimi. Mwandishi wa daftari nilikuwa mimi pia.

Wiki ile alikuja mzee mmoja aliyefiwa na mkewe. Aliweka mfuko, akaondoka kabla sijamaliza kumwambia asubiri atie saini. Ndani mlikuwa na pakiti saba za vidonge vile vile. Saba kwenye mfuko, na kwenye daftari hakuna hata moja bado. Niliandika tano.

Nilijipa hoja nzuri sana, maana mtu msomi hakosi hoja. Kwamba dawa yenyewe inakwenda motoni. Kwamba simwibii mgonjwa. Kwamba nampa mtu ninayemjua uzito, umri na maradhi yake, tena ndugu yangu wa tumbo moja, na nani atamwangalia vizuri kuliko mimi? Wagonjwa wengine nilikuwa nawakemea wakigawiana vidonge. Mganga hajigangi, na kumbe wala nduguye hamgangi.

Pakiti mbili zikawa nne. Miezi mitano mizima nilikuwa napita kwake kila Ijumaa na kumpa mkononi, na yeye akawa ananisubiri mlangoni. Kusema kweli, nilipenda kule kusubiriwa. Tangu kila mmoja wetu awe na nyumba yake tulikuwa tumeanza kuonana kwa nadra, na sasa kila wiki mdogo wangu alikuwa anatazama njia akiningoja mimi. Sikujiuliza anangoja nini.

Katikati ya miezi hiyo, mwalimu mkuu wa ile shule ya bweni aliomba hospitali imtume mtu akawafundishe wanafunzi kuhusu dawa za kulevya. Nilikuwa nafanya kazi hiyo kila mwaka, na ninajua kuifanya. Niliwatundikia picha zangu nne. Ya kwanza, vichangamshi: kokeini na vidonge vya kukesha, vinavyoukimbiza moyo mpaka ukachoka njiani. Ya pili, vipumbaza: pombe na dawa za usingizi, vinavyopunguza mwendo wa mwili wote, pumzi ikiwemo. Ya tatu, vile vya maluweluwe, vinavyomfanya mtu aone visivyokuwepo, na hapo niliweka bangi nzito na gundi ya kunusa. Ya nne, jamii ya afyuni. Kwenye picha hiyo ya nne kulikuwa na sindano na unga mweupe. Hakukuwa na kidonge hata kimoja, ingawa vidonge vikali vya maumivu ni watoto wa nyumba hiyo hiyo, na mtihani wake nilifaulu vizuri chuoni.

Ukumbi wa chakula ulikuwa jirani na darasa lile. Mdogo wangu alikuwa huko, amepiga magoti, dirisha liko wazi, ananisikiliza. Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono.

"Daktari, na dawa za hospitali je? Bibi yangu anakunywa za usingizi kila siku. Asipokunywa anatetemeka."

Walimu wakacheka kidogo. Mimi nikajibu haraka: "Hizo zina daktari wake. Ukifuata maelekezo hazina neno."

Jibu lilikuwa la kweli, ila nililitumia kama pazia. Nilimwona mdogo wangu dirishani akinikonyeza jicho. Mboni yake ilikuwa imesinyaa mpaka kubaki kama tundu la sindano, mchana wa jua la kawaida. Nikageuka, nikaendelea na picha ya nne.

Mama, anayeishi kwa mdogo wangu, naye alikuwa ameshaanza kuwa na wasiwasi. Alimwona anasinzia na kijiko mkononi, anajikuna mikono, anatoka jasho bila kazi. Basi akawa ananusa mashati yake kabla ya kuyafua. Alinusa kola, akanusa mifuko. Hakupata harufu ya bangi, hakupata ya pombe. Akakagua mikono yake akitafuta alama za sindano, hakuziona. "Mwanangu havuti, hanywi, hajidungi," aliniambia kwa furaha. "Ni uchovu tu. Wewe mwongezee vitamini." Sisi wote tulikuwa tunamvizia mwizi mlango wa mbele, na ufunguo wa mlango wa nyuma ulikuwa kwangu.

Ukumbi ulipokamilika, wakauosha kwa mara ya kwanza. Maji yote yalikimbilia pembe moja na kusimama pale. Mwalimu mkuu akamwita. Mdogo wangu alikuja, akaweka kile kibao chake sakafuni, akatazama kiputo kimekimbilia upande. Akakigeuza, akatazama tena. Halafu akasema chombo kimeharibika.

Wifi ndiye aliyenisimulia, na alisimulia akilia. Mtu ambaye alikuwa anabandua kigae kwa sababu ya sauti! Niliposikia vile nikajua. Au niseme nilikubali, maana kujua nilikuwa najua.

Wiki hiyo hiyo alikuja mfamasia mkuu mpya, mwanamke mkimya mwenye miwani mikubwa, akaagiza kwamba marejesho yote yapokelewe na watu wawili. Kasha likawa na kufuli mbili na funguo kwa watu tofauti. Nilifurahi, nikaona Mungu amenifungia mlango. Ijumaa nikaenda kwa mdogo wangu mikono mitupu, nikamwambia basi, imekwisha, tuseme alhamdulillahi au haleluya lakini imekwisha.

Na hilo lilikuwa kosa la pili. Mwili uliokaa na dawa hizo miezi mitano hauachishwi kwa siku moja. Huachishwa kidogo kidogo, na mtu anayejua akiwa anaangalia. Nilikuwa nawaambia hivyo wagonjwa kila siku. Lakini ili kumwachisha vizuri ningelazimika kumpeleka kwa daktari, na daktari angeuliza amezipata wapi. Nikachagua kunyamaza. Siku tatu alitapika, alitetemeka chini ya blanketi mbili, miguu ilimuuma asiweze kuituliza, kamasi na machozi vikimtoka kama mtoto mwenye surua. Siku ya nne akapona ghafla, akavaa, akatoka. Wifi akanipigia simu kunishukuru. Kumbe mdogo wangu alikuwa amekwenda kununua mitaani.

Alikonunua wanauza vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Huwezi kujua ni vya nini wala vina nguvu kiasi gani. Na kwa kuwa havikumtosha, akaongeza vya usingizi. Picha ya pili na picha ya nne kwa pamoja. Kila kimoja peke yake hupunguza pumzi, na vikikutana vinaweza kuisimamisha kabisa.

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, foleni yangu ilikuwa ndefu. Muuguzi wa mapokezi alikuja anakimbia, akapita watu wote, akapiga kaunta.

"Sindano ya kuzindua, haraka! Tumeletewa mtu hapumui!"

Sindano ile huzuia kazi ya dawa za jamii ya afyuni, na huweza kumrudisha mtu kwa dakika chache akiwahiwa. Nilifungua kabati, nikampa mbili, nikamwambia atie saini. Nilimwambia atie saini! Akaandika huku anahema. Nikamwuliza, kwa mazoea tu, mgonjwa jina nani, nijaze daftari. Akasema hawajui bado, kaletwa na mkewe, fundi fulani hivi, suruali ina viraka magotini.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye chumba changu. Nakumbuka midomo yake ilikuwa ya kijivu, na wifi ameshika kiatu chake kimoja. Sindano ya kwanza haikufanya kitu. Wakampulizia hewa kwa mfuko, wakampa ya pili. Nilihesabu. Maisha yangu yote nimehesabu vidonge, na siku hiyo nilihesabu mpaka sabini na moja ndipo kifua kikapanda. Alifungua macho, akanitazama, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Dada, umeleta?"

Madaktari walidhani anauliza habari za maji.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mfamasia mkuu, nikafunga mlango, nikamweleza yote, pakiti kwa pakiti, Ijumaa kwa Ijumaa. Alivua miwani.

"Kwa nini unaniambia? Hesabu za nyuma zimeshafungwa."

"Kwa sababu daftari halitakwambia."

Aliandika. Nilisimamishwa, kamati ikakaa, nikanyang'anywa dirisha. Sasa niko stoo ya glavu na pamba, natii amri za kijana niliyemfundisha kazi mimi. Sina la kulalamika. Adhabu ile niliiweza, tena nililala usingizi mzuri usiku wake. Nyingine ndiyo iliyonishinda.

Mdogo wangu alipelekwa kwenye nyumba ya kupata nafuu, nje kidogo ya mji, geti la bluu na ukuta mrefu. Siku thelathini za kwanza haruhusiwi kuona mtu. Nilizihesabu hizo nazo. Jumapili ya kwanza ya kutembelewa tulikwenda watatu, Mama, wifi na mimi, nimevaa gauni analolicheka kila mara akisema limeshonwa kwa kitambaa cha viti. Nililivaa makusudi ili anicheke.

Mshauri wake alitoka getini. Ni mtu wa makamo ambaye naye aliwahi kutumia, ana meno matatu ya mbele yaliyokatika na sauti ya upole. Akawaambia Mama na wifi wapite. Mimi akaniwekea mkono mbele.

"Wewe ndiye dada wa dawa?"

"Ndiyo."

"Ameomba usiingie."

"Amenikasirikia?"

"Afadhali angekuwa na hasira, hasira tunaiweza. Hana hata chembe." Akatafuta maneno. "Sikiliza, dada yangu. Kila mtu aliyeko humu ana kitu kinachouamsha mwili wake. Mwingine ni kona ya mtaa, mwingine ni rafiki aliyekuwa akivuta naye. Mimi ni sauti ya kiberiti, mpaka leo. Juzi tulipomtajia kwamba utakuja, kamasi zilianza kumtoka. Tumbo likamkata, jasho likamtiririka. Ubongo wake umekufunga fundo moja na dawa. Kwake kitu hicho ni wewe."

Nilikaa kwenye benchi nje ya geti mpaka wenzangu walipotoka. Jumapili iliyofuata nilikwenda tena, na nyingine, na nyingine. Mama alinigombeza, aliona najitesa bure. Lakini nikikaa pale najua kwamba kati yangu na yeye kuna ukuta mmoja tu. Wifi akitoka namhoji kama polisi. Ameongezeka uzito? Ameongezeka. Anakula? Anakula mpaka cha jirani. Wamemkabidhi kutengeneza bafu la wenzake, na amebandua vigae vyote vya fundi aliyepita akimtukana fundi huyo kwa majina. Nilicheka peke yangu njia nzima kurudi nyumbani, kisha nikakaa jikoni nikalia. Nilitaka yale matusi niyasikie mwenyewe. Ninataka aniite lile jina la kipuuzi. Ninataka nigombane naye kuhusu nani alivunja redio ya marehemu baba, ingawa sote tunajua ni yeye.

Jumapili ya kumi na moja, geti lilifunguliwa mapema kuliko kawaida, Mama na wifi wakiwa bado ndani. Akatoka yeye. Mshauri alikuwa hatua mbili nyuma yake.

Amenenepa mashavu. Amenyoa. Alisimama kama mita nne kutoka kwenye benchi langu, na mimi sikuthubutu kuinuka. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya wiki kumi na moja, ikaniponyoka yote. Nikangoja anitazame usoni.

Macho yake yakaenda kwenye mikono yangu. Yakatulia pale. Nadhani hakukusudia. Niliona koo lake likipanda na kushuka, nikaona paji la uso linaanza kung'aa kwa jasho. Nikaifungua mikono, nikaigeuza juu na chini, nikakunjua vidole vyote, ili aone kwamba haina kitu. Aliendelea kuitazama, kama ambaye hajaamini. Kisha akajigundua. Akainua uso na kuniona, na aibu niliyoiona pale sikuwahi kuiona hata siku tulipokuwa tunachapwa.

"Bado, dada," alisema. "Nisamehe. Bado."

"Sina haraka," nikamwambia.

Akarudi ndani, mshauri akafunga geti. Nilibaki nimekaa, mikono imefunguka mapajani, nikaona kwamba nimesema uongo. Nina haraka. Nina haraka kuliko nilivyowahi kuwa nayo maishani, na hakuna ninachoweza kufanya kuiharakisha siku atakayoweza kukaa nami ila kukaa mbali naye.